Madaftari Mawili ya Benjamin Franklin

Kuna vitabu vinavyojulikana kwa ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe si ule ulio bora. Tawasifu ya Benjamin Franklin, yule Mmarekani mchapaji, mwanasayansi na mwanasiasa, ni kimojawapo. Ukimsikia mtu anakitaja, iwe kwenye semina ya vijana au kwenye mawaidha ya mafanikio, atakueleza habari za jedwali: kwamba Franklin alijiandikia orodha ya tabia njema 13, akawa kila jioni anajikagua na kutia alama palipo na kosa, na ndivyo alivyopanda hadi akawa mtu mkubwa. Basi na wewe nenda nyumbani kachore jedwali lako. Makofi, tunatawanyika.

Mimi nimekisoma kitabu chenyewe, mara mbili, penseli mkononi, na nimetoka na msimamo mwingine. Ninasema hivi: ndani ya kitabu hicho mna madaftari mawili, si moja. La kwanza ni hilo la tabia njema, ambalo ndilo limepewa sifa zote. La pili halina hata jina, limeelezwa kwa aya chache tu mwanzoni, na wasomaji wengi wanalipita kama daladala inavyokipita kituo kisicho na abiria. Lakini hilo la pili ndilo lililomfanya awe mwandishi. Kwetu sisi ambao kila tukikutana kijiweni tunaulizana, "Hivi mtu anakuwaje mwandishi?", kuyachanganya madaftari hayo mawili ni hasara.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Franklin alizaliwa Boston mwaka 1706. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni, mwenye watoto 17. Shule aliisoma kidogo mno: alipofika miaka kumi alitolewa akamsaidie baba kazi, na alipofika miaka 12 akatiwa kwenye mtambo wa uchapaji wa kaka yake James, awe mwanagenzi. Yaani sisi tulioishia kidato cha nne tumemzidi darasa, tena mbali. Kitabu chake alianza kukiandika mwaka 1771 akiwa Uingereza, akakiendeleza mwaka 1784 akiwa Ufaransa, akamalizia alichoweza kumalizia huko Philadelphia kabla ya kufa mwaka 1790. Hakukikamilisha. Ni kitabu cha mzee anayezungumza na kijana, na sehemu ya kwanza ameiandika kama barua kwa mwanawe.

DAFTARI LA KWANZA

Nitalitendea haki jedwali kabla sijaligombeza. Franklin anasema kwamba akiwa kijana alijiwekea shabaha ya kuwa mtu mkamilifu. Akaorodhesha tabia 13: kiasi, ukimya, mpangilio, azma, kubana matumizi, bidii, unyofu, haki, wastani, usafi, utulivu, kujihifadhi na zinaa, na mwisho unyenyekevu. Huu wa mwisho ulichelewa kuingia. Rafiki yake mmoja ndiye aliyemwambia kwa upole kwamba watu wanamwona ana majivuno, ndipo akauongeza.

Ujanja wake uko hapa: hakuzishambulia tabia zote kwa pamoja. Kila wiki alishika moja akaipa macho yake yote, zile nyingine akaziacha ziende kwa kawaida yake, ila jioni alitia alama nyeusi popote alipoteleza. Wiki 13 zinamaliza mzunguko mmoja, na mwaka una mizunguko minne. Mfano anaotoa ni wa mtu anayepalilia bustani: hang'oi magugu yote siku moja, anashika tuta moja, akilimaliza anahamia la pili. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe anajua kwamba hapo mzee hakukosea.

Tena ana ucheshi. Anakiri kwamba mpangilio ulimshinda kabisa. Anasimulia habari za mtu aliyenunua shoka kwa mhunzi akataka ling'arishwe lote, si makali peke yake. Mhunzi akakubali, kwa sharti kwamba mteja azungushe gurudumu la kunolea. Jamaa akazungusha, akazungusha, jasho likamtoka, mwisho akasema basi, hata likiwa na madoa yake analipenda hivyo hivyo. Na kuhusu unyenyekevu, Franklin anasema waziwazi kwamba alifanikiwa zaidi kuonekana mnyenyekevu kuliko kuwa mnyenyekevu. Mwandishi anayeweza kujicheka namna hiyo anastahili kusomwa.

Sasa lawama yangu. Jedwali linapima kile tu ambacho mwenye jedwali amekubali kupimwa. Halina mlango wa kuingilia jambo ambalo yeye mwenyewe halioni. Mstari wa nane wa orodha ile ni haki, na maelezo yake ni kwamba mtu asimdhulumu mwenzake wala asimnyime kilicho wajibu wake. Franklin alianza zoezi hili miaka ya mwanzo ya 1730. Katika miaka hiyo hiyo gazeti lake, Pennsylvania Gazette, lilikuwa likichapa matangazo ya kuuza watumwa. Nyumbani kwake mwenyewe mlikuwa na watumwa kwa miaka mingi. Alipokwenda London mwaka 1757 alichukua wawili, Peter na King. Ni kweli kwamba uzeeni aligeuka. Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, na Februari 1790, miezi miwili kabla hajafa, alitia saini ombi kwa Bunge la Marekani kutaka biashara hiyo ikomeshwe. Hilo tumpe. Lakini jiulize: jioni ngapi zilipita, mstari wa haki uko mweupe, na chini ya paa hilo hilo kuna mtu anayemilikiwa?

Siulizi ili kumtukana marehemu. Nauliza kwa sababu hapo ndipo nadharia nzima ya "kidogo kidogo kila siku" inapohitaji kuhojiwa. Tumelelewa na methali za haba na haba, na za bandu bandu. Ni methali nzuri. Lakini kibaba kinajazwa na chochote unachokitia. Ukitia mchanga kila siku kitajaa mchanga. Mazoea hayakuambii kama unayoyazoea ni mema. Alama nyeusi ya Franklin ilikuwa hakimu aliyeteuliwa na mshitakiwa. Ndiyo maana hata huo unyenyekevu haukuonekana hadi mtu wa nje aliposema.

Wapo waliomkabili kwa ukali kuliko mimi. D. H. Lawrence, mwandishi wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1923 juu ya fasihi ya Marekani, alimvaa Franklin mzimamzima, akaandika orodha yake mwenyewe ya kuijibu ile. Lawrence anaona kwamba roho ya mtu ni msitu, na mzee huyu anataka kuizungushia ua. Nakubaliana naye nusu. Nusu nyingine siafiki, kwa sababu Lawrence naye ameshughulika na daftari lile lile la kwanza, la pili hakulishika.

DAFTARI LA PILI

Tulifungue sasa. Franklin akiwa kijana mdogo alikuwa akibishana kwa barua na rafiki yake, John Collins, kama wanawake wanafaa kupewa elimu au la. Franklin alikuwa upande wa wanawake. Baba yake akaziona zile barua, akazisoma. Mzee mtengeneza sabuni hakuingilia hoja. Alimwambia mwanawe tu kwamba katika tahajia na vituo anamshinda mwenzake, maana anashinda kwenye uchapaji. Lakini katika uzuri wa kauli, mpango wa hoja na kueleweka, Collins yuko mbele. Akamwonyesha mahali kwa mahali.

Hebu tuone alivyofanya baada ya hapo. Hakununa. Alipata juzuu moja iliyotengana na wenzake, ya tatu, ya The Spectator, gazeti la insha lililoanza kutoka London mwaka 1711. Akalisoma, akalipenda, akaazimia kuliiga. Kazi yake ilikwenda hivi. Alichukua insha moja, akaandika dokezo fupi la wazo la kila sentensi. Akaliweka kando siku kadhaa. Kisha, bila kufungua kitabu, alijaribu kuijenga insha upya kwa maneno yake kutokana na yale madokezo. Alipomaliza ndipo alipofungua kitabu, akalinganisha mstari kwa mstari. Palipopwaya akapaona, akapasahihisha.

Hakuishia hapo. Aligundua kwamba ana uhaba wa maneno. Akazigeuza baadhi ya hadithi kuwa mashairi, kwa sababu shairi linadai neno la urefu fulani na la sauti fulani, kwa hiyo linakulazimisha kutafuta maneno mengi yenye maana moja. Baadaye, shairi likishasahaulika kidogo, aliligeuza tena kuwa nathari. Wakati mwingine aliyavuruga madokezo yake makusudi, akayaacha wiki kadhaa, halafu akajaribu kuyapanga kwa utaratibu bora. Hapo alijifunza mpango wa mawazo. Na safari chache, anasema, alijipa moyo kwamba katika jambo dogo hapa na pale amepashinda pale pa asili.

Muda aliupata wapi? Usiku baada ya kazi, asubuhi kabla ya kazi, na Jumapili, ambapo alikwepa kanisa kadiri alivyoweza. Vitabu je? Alijuana na wanagenzi wa wauza vitabu, akawa anaazima kitabu jioni na kukirudisha alfajiri kabla hakijatafutwa. Usiku kucha anasoma. Fedha? Alipofika miaka 16 aliacha kula nyama, akamwambia kaka yake ampe nusu tu ya hela ya chakula atajilisha mwenyewe. Nusu ya hiyo nusu akaiweka akiba ya kununulia vitabu. Wenzake wakienda kula, yeye anabaki kiwandani na kipande cha mkate na zabibu kavu, anasoma. Sasa mtu aniambie kwamba habari hizi ni za mbali na zetu.

Matunda yalikuja mwaka 1722. Kaka yake alikuwa na gazeti, New-England Courant. Franklin alijua kwamba makala ya mdogo mtu haitapokelewa, basi akabadilisha mwandiko, akajiita Silence Dogood, mama mjane, akaipitisha barua chini ya mlango wa ofisi usiku. Kaka na rafiki zake wakaisoma mbele yake, wakaisifu, wakaanza kukisia ni msomi gani mjini aliyeiandika. Barua hizo zikafika 14. Mwandishi alikuwa na miaka 16, na amesimama pale pale, mikono ina wino.

TOFAUTI IKO WAPI

Madaftari yote mawili ni kazi ndogo ya kila siku. Kwa nini basi moja nalitilia shaka na jingine nalishangilia? Kwa sababu la kwanza linahesabu, la pili linalinganisha. Jedwali linakuuliza: leo umefanya au hukufanya? Zoezi la insha linakuuliza: ulichofanya leo, kimepungua wapi kikiwekwa karibu na kazi ya mtu aliyekuzidi? Swali la kwanza unaweza kulijibu ukiwa umelala. La pili linauma, na kila siku linauma mahali papya. Hapo ndipo mtu anapokua.

Mfano wa pili utanisaidia. Anthony Trollope, Mwingereza, alikuwa mtumishi wa posta na aliandika riwaya 47. Tawasifu yake ilitoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na watu wakashtuka: kumbe alikuwa akikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake imewekwa mbele, anajidai maneno 250 kila robo saa! Jina lake likashuka kidogo; wasomaji walitaka kuamini kwamba riwaya hushuka kutoka mbinguni, si kutoka kwa karani mwenye saa. Hadi leo Trollope akitajwa, hutajwa kwa saa ile. Lakini katika maelezo yale yale anasema kwamba nusu saa ya kwanza kila siku alikuwa haandiki neno. Alikuwa anasoma alichoandika jana, akiyapima kwa sikio mlio wa maneno na sentensi zake. Nusu saa hiyo haisimuliwi na mtu. Mimi nadhani bila hiyo nusu saa, zile 250 zingekuwa ni kujaza karatasi.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Siku hizi tunaambiwa andika kurasa mbili kila siku, usikose hata siku moja, utakuwa mwandishi. Wapo wenzetu waliofuata. Wana madaftari yamejaa hadi jalada, na ukurasa wa mwisho una kasoro zile zile za ukurasa wa kwanza: msichana mzuri kama malaika, kijana maskini, baba mkali, sentensi zinazoanza na "ghafla bin vuu". Wamekuwa na mkono mwepesi, si kalamu nzuri. Na upande wa pili wapo wanaongoja mzuka upande, wanasema fasihi si kazi ya ofisi. Hawa wa pili wana nusu ya ukweli, kwamba kuna jambo haliamrishwi. Ila mzuka ukipanda na kukuta huna maneno, utashuka ulivyopanda.

Najua pingamizi litakalokuja: "Ndugu, unatufundisha kuiga. Tutapataje sauti zetu?" Najibu kwa kuutazama utaratibu wenyewe. Franklin hakunakili. Alificha kitabu, akajenga kwa maneno yake, ndipo akalinganisha. Mahali ambapo wewe na yule mkubwa mnatofautiana, baada ya makosa ya wazi kuondolewa, hapo ndipo sauti yako inapoanza kusikika. Huwezi kuisikia kama hakuna kitu cha kuiweka kando yake.

Na sisi wenye Kiswahili tuna mtaji ambao Franklin angeuonea wivu. Yeye alijilazimisha kutunga mashairi ili apate maneno; sisi tumekulia kwenye vina na mizani. Chukua aya moja ya Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, au ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, au ya Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed. Andika dokezo la kila sentensi, lifungie siku tatu. Kisha ijenge. Linganisha. Halafu jaribu kuiweka kwenye shairi la mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, uone utakavyohangaika kutafuta kisawe cha "huzuni" chenye silabi mbili. Mwezi mmoja tu wa kazi hiyo, nusu saa kwa siku, utajua kuhusu sentensi zako mambo ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kukwambia. Daftari moja, penseli moja, kitabu cha kuazima. Gharama haipo.

Nimalize na ukurasa ambao mimi naupa nafasi ya kwanza katika Tawasifu nzima. Hauna jedwali wala mafanikio. Mwaka 1736 Franklin alifiwa na mtoto wake wa kiume wa miaka minne kwa ndui. Mtoto hakuwa amechanjwa. Anaandika aya moja fupi: kwamba mtoto alikuwa mzuri, kwamba alijuta kwa uchungu na bado anajuta kutomchanja, na kwamba anataja jambo hili kwa ajili ya wazazi wanaoogopa chanjo, ili wajue kwamba majuto ni yale yale kwa njia yoyote, basi wachague iliyo salama zaidi. Baada ya hapo anaendelea na habari nyingine. Hapigi ukelele, hamlilii Mungu, hatafuti tamathali. Zaidi ya miaka 50 imepita tangu msiba ule, na sentensi bado zimesimama wima.

Jedwali la tabia njema lisingeweza kuandika aya ile. Hakuna kisanduku cha kutia alama ya msiba. Aliyeiandika ni yule kijana wa Boston aliyejenga insha za watu usiku, akazibomoa, akazijenga tena, hadi siku alipokuwa na jambo zito la kusema kalamu haikumwangusha. Kwa sababu ya aya ile nakishauri kitabu hiki kwa kila anayetaka kuandika, pamoja na majivuno yake na kimya chake juu ya Peter na King. Kisomeni. Kama mnaona nimelionea daftari la kwanza, niandikieni tubishane. Kurasa hizi ni zetu sote.